Dekio kavu linaacha mstari wa mchanga kila likigeuka: kosa ni la nyuzi au la fremu?

#1 Mpini Mrefu (mleta uzi)
Salaam wakuu.

Nazungumzia dekio kavu, lile bapa la kusukumia vumbi, si la maji. Pita korido yoyote ndefu ya ofisi pale Posta asubuhi uangalie sakafu dhidi ya mwanga. Njia iliyonyooka ni safi. Kila mahali dekio lilipogeuka pana mstari mwembamba wa mchanga, na kwenye ncha mbili za fremu pana michirizi. Mfagiaji anarudia mara ya pili na ya tatu, halafu anaamua kwenda kuchukua fagio.

Nataka tuchore dekio linaloweza kutengenezwa hapa hapa Dar: fremu ichomelewe Gerezani, nyuzi zishonwe na fundi cherehani Kariakoo. Vipimo vya kuanzia ni urefu sm 60, upana sm 12.5, mpini sm 150.

Dai langu ni kwamba nyuzi zinasingiziwa. Kosa liko kwenye kimo cha kiungo, pale mpini unapokutana na fremu. Kiungo kikikaa sm 4 au 5 juu ya sakafu, unasukuma kwa juu huku msuguano ukishika kwa chini, kwa hiyo dekio linataka kupinduka kwenda mbele. Ukingo wa mbele unakandamizwa, wa nyuma unaelea. Leteni hoja.

#2 Chelewa
Mkuu, hapo umezunguka sana. Tatizo ni nyuzi za pamba. Weka maikrofaiba, ile pamba laini ya kisasa, inanasa vumbi kwa umeme tuli. Fremu acha ilivyo.

#3 Bint Upanga
#2, kaka yangu, mambo mawili.

Maikrofaiba si pamba. Ni poliesta iliyounganishwa na poliamidi, mara nyingi kwa 80 na 20 au 70 na 30, halafu kila uzi unapasuliwa kuwa vijiuzi vyenye kingo. Ili uitwe maikrofaiba, mita 9,000 za uzi zinatakiwa zipime chini ya gramu 1. Kinachonasa vumbi ni zile kingo na nafasi zilizo katikati yake.

La pili, umeme tuli unapenda hewa kavu. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi mwaka mzima, na chaji inavuja kabla hujafika mwisho wa korido. Maelezo ya umeme tuli yaliyoandikwa kwenye pakiti yanafaa vyumba vikavu. Dodoma mwezi wa nane labda utaona kitu. Hapa kwetu wakati wa masika umeme tuli usiuhesabu kabisa.

#4 Mchanga Mweupe
Nakazia #3, na naongeza kwamba hata umeme tuli ungekuwepo usingetusaidia, maana tunachosukuma si vumbi peke yake.

Mchanga, kwa kipimo cha wahandisi, ni chembe kuanzia mm 0.063 hadi mm 2. Ule unaoingia na viatu Mbagala au Kigamboni unauona kwa macho, chembe moja moja. Nyuzi ya maikrofaiba ni nyembamba kuliko unywele mara nyingi. Inashika unga, yaani vumbi la barabara, masizi na majivu, lakini chembe ya nusu milimita haishikiki. Mchanga haunaswi, unasukumwa. Maana yake dekio hilo hilo linafanya kazi mbili zisizofanana: kwa vumbi ni kitambaa, kwa mchanga ni koleo la kusukumia. Na koleo likiinuliwa au likigeuzwa mgongo, linamwaga.

Kwa hiyo mstari wa kwenye kona unatoka kwenye ukingo wa mbele wenyewe, pale unapoacha kuwa wa mbele. Kimo cha kiungo ni jambo la pili.

#5 Gerezani Chuma
Mleta uzi uko sahihi ila umepima upana usiohusika. Ngoja tuweke hesabu.

Ukisukuma kwa mwendo wa kawaida, kitovu cha mgandamizo, yaani mahali uzito unapoegemea, kinasogea mbele kwa kimo cha kiungo mara namba ya msuguano. Tuchukue msuguano 0.5. Kiungo kikiwa sm 4.5, kitovu kinasogea sm 2.25. Kitako chote kinabaki kimegusa sakafu iwapo kitovu hakijasogea zaidi ya sehemu moja ya sita ya upana. Wewe umehesabu sm 12.5, ambayo inakupa karibu sm 2.1. Lakini sm 12.5 ni pamoja na nyuzi zinazoning'inia pembeni, na hizo hazibebi kitu. Waya wa fremu wenyewe una upana wa sm 9 hivi, na moja ya sita yake ni sm 1.5. Tumeshapita. Sm 2 na ushei za nyuma zinaelea.

Dawa yake ni kiungo kisichozidi sm 3 kutoka sakafuni, na ukiweza fika sm 2.5. Namna ya kukipata:

Chukua chuma bapa cha mm 25 kwa mm 3, kikunje umbo la U, kichomelee juu ya waya wa mm 6 katikati ya fremu. Toboa tundu la mm 8 chini kabisa, karibu na waya. Pitisha bolti ya mm 8 yenye nati ya kujifunga, ile yenye plastiki ndani, vinginevyo italegea ndani ya wiki. Juu yake weka kipande cha pili kinachozunguka ili fremu igeuke kulia na kushoto.

Tahadhari: waya wenye zinki usiuchomelee kabla ya kuikwangua zinki sehemu ya kuungia. Moshi wake unaleta homa ya usiku ule ule. Ukishachomelea paka rangi ya kuzuia kutu, maana hapo kinga ya zinki imeshaondoka na kutu itachora sakafu siku dekio likilowa.

Ubaya wake nao useme: kiungo kikiwa chini sana, mpini hauwezi kulala. Neli ya mm 25 inagonga fremu kabla ya kufika chini ya kitanda. Inabidi ugeuze fremu digrii 90, mpini ulale sambamba na urefu wake.

#6 Mama Usafi
Nimesoma #5 mara mbili, mwanangu una hesabu za daraja. Lakini mimi naona mnatibu chombo wakati ugonjwa uko kwenye mkono.

Dekio kavu lina sheria zake. Ukishaliweka chini, usilinyanyue mpaka mwisho wa chumba. Ukingo mmoja uwe wa mbele kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukifika ukutani unazungusha kiungo, dekio linageuka kama herufi S, ule ule ukingo unaendelea kutangulia na unabeba mzigo wake. Kila njia ipande juu ya njia iliyopita kwa sm 10 hivi, kwa sababu michirizi ya ncha haiepukiki, inafunikwa na njia inayofuata. Mwisho kabisa unasogeza lundo mahali pamoja, unazoa kwa brashi na kizoleo, ndipo unanyanyua.

Anayeliburuta mbele na nyuma kama dekio la maji ataacha mstari hata ukimpa kiungo cha dhahabu.

#7 Mpini Mrefu
#6 mama, shikamoo, na sheria zako nazikubali zote. Ila chombo kizuri kinatakiwa kimzuie mtu kukosea. Kama kuvuta nyuma ndiko kunakomwaga mchanga, basi kiungo kiwekewe kizuio upande mmoja, mpini ukikataa kulala upande huo mtu atalazimika kuzungusha.

#4, hoja ya koleo imeniingia. Unaonaje safu mbili: mbele nyuzi ngumu kidogo za kusukuma mchanga, nyuma maikrofaiba ya kunasa unga?

#8 Mchanga Mweupe
Safu mbili naiunga mkono, ila nyuzi za mbele zisiwe ngumu kama brashi. Brashi inajipinda, halafu ikifika kwenye ufa kati ya marumaru inafyatuka na kurusha chembe mbele nusu mita. Nyuzi nene za pamba zenye kitanzi ndizo zinazolala juu ya sakafu na kutengeneza kama ukuta.

Na jamani, msijaribu kutatua hili kwa kuongeza uzito. Mchanga wetu mwingi ni kwazi, yaani madini ya quartz, ugumu wake 7 kwenye kipimo cha Mohs. Jiwe la marumaru ni 3. Ukikandamiza mchanga juu yake unapiga msasa.

#9 Chelewa
Nimeelimika kuhusu maikrofaiba, asante dada wa #3. Sasa kama umeme tuli haupo, si tulipake dekio mafuta? Mafuta ya taa kidogo, au ya alizeti, vumbi lishike.

#10 Fundi Terazo
#9 tafadhali usifanye hivyo, na wengine msiige.

Mafuta ya taa yanaweza kutoa mvuke unaoshika moto kuanzia nyuzi joto 38 hivi, na stoo ya bati mchana wa Januari haiko mbali na hapo. Halafu yanapaa yote, hayabaki kushika vumbi. Alizeti ni mbaya kwa namna nyingine: ni mafuta yanayogandana na hewa, na wakati wa kugandana yanatoa joto. Matambara yaliyolowa mafuta ya namna hiyo yakirundikwa kwenye ndoo yanaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Mafuta ya kitani ndiyo hatari zaidi, alizeti yanafuata nyuma. Na dekio lenyewe linakuwa gundi.

Dawa ya dekio kavu inayouzwa hutengenezwa kwa mafuta ya madini, hayagandi hivyo. Inapuliziwa kidogo upande wa nyuzi, dekio linaning'inizwa usiku kucha. Asubuhi likandamize juu ya karatasi nyeupe: karatasi ikipata doa, dawa imezidi, ning'iniza tena. Na dawa hiyo ni ya nyuzi za pamba, maikrofaiba haihitaji.

Hata ikiwa sahihi, kwenye terazo na kwenye jiwe ambalo halijazibwa vinyweleo mimi siiweki. Mafuta yanazama, doa halitoki. Kwenye sakafu za plastiki na za mpira nazo yanalainisha na kuteleza.

#11 Kona ya Msimbazi
Kwani marumaru zinanyonya mafuta? Zangu zina kioo juu.

#12 Fundi Terazo
Ndiyo maana nimesema jiwe. Hapa mjini kila kigae cha sakafu tunakiita marumaru, lakini vingi ni udongo uliochomwa na kupakwa kioo, havinyonyi, isipokuwa saruji ya kwenye ufa. Marumaru halisi ni jiwe, na linanyonya. Terazo ni vipande vya jiwe hilo ndani ya saruji, nayo inanyonya. Ukitaka kujua, dondosha tone la maji, subiri dakika 10. Pakigeuka rangi, usikaribishe mafuta.

Nikirudi kwenye swali la mleta uzi, sababu yangu mimi ni chumvi. Hakuna aliyeitaja. Vumbi la Upanga, Masaki, Kigamboni na kote karibu na bahari lina chumvi ndani. Chumvi hii ya kawaida, unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 inaanza kuyeyuka yenyewe. Alfajiri unyevu hupita hapo mara kwa mara, na ndio muda ambao usafi unafanyika, saa kumi na mbili asubuhi. Vumbi linakuwa tope ambalo jicho halilioni. Linashika sakafu, linashika nyuzi, halafu dekio likisimama kugeuka linabandua kile lilichokokota. Ongeza ofisi yenye kiyoyozi kilichowashwa usiku kucha: milango ikifunguliwa, hewa ya nje inakuta kigae cha baridi na inatoa jasho.

Sukuma sakafu ile ile saa nane mchana, dekio lile lile, utaona tofauti.

#13 Gerezani Chuma
#12 chumvi inaeleza kwa nini asubuhi ni mbaya kuliko mchana. Haielezi kwa nini mstari unakaa kwenye kona na michirizi kwenye ncha. Tope lingebaki kila mahali.

#14 Fundi Terazo
Kwenye kona dekio linasimama. Mahali linaposimama ndipo linapobandua.

#15 Cherehani ya Kongo
Naona hakuna aliyegusa kushona, na ncha zinazoacha michirizi mara nyingi ni kosa la mfuko.

Mfuko unaoingia fremu ukishonwa kwa turubai la pamba lisilolowekwa, utasinyaa kwenye fuo la kwanza. Fremu ya sm 60 itaingia kwa nguvu, waya utapinda kama upinde, katikati itakandamiza na ncha zitanyanyuka. Ndiyo michirizi hiyo. Kwa hiyo: loweka turubai kwenye maji ya moto, anika likauke kabisa, ndipo ukate. Mfuko uwe na sm 2 za ziada kwa urefu. Turubai la poliesta halisinyai hivyo, ila linateleza juu ya waya, lifunge kwa kamba katikati.

Safu za nyuzi: anza ukingoni kwenda ndani, kila safu ishonwe mara mbili kwa uzi wa nailoni, sm 2 kati ya safu na safu. Nyuzi za pembeni ziwe na urefu wa sm 7 au 8 na zizunguke ncha zote mbili, siyo mbele na nyuma tu. Wengi wanaacha ncha tupu ili kubana matumizi.

Kitanzi au kukata? Nyuzi zilizokatwa zinamwaga manyoya na kusokotana zikifuliwa. Kitanzi kinadumu, ila kinanasa kwenye skrubu za miguu ya viti. Ofisi yenye viti vingi, mimi ningekata safu ya nje tu na za ndani ziwe vitanzi.

#16 Kona ya Msimbazi
Sikujua kitambaa cha kusafishia kina mambo mengi hivi. Nimesikia aliyegundua dekio hili ni Mmarekani mweusi, Thomas Stewart, mwaka 1893. Ni kweli?

#17 Bint Upanga
Nusu kweli. Thomas W. Stewart alipata hataza Marekani mwaka 1893, lakini ni ya dekio la maji lenye kibanio, kichwa kinatoka na kinakamulika. Hili bapa ni jambo jingine.

Turudi kwenye nyuzi. Kabla hamjalaumu fremu, ulizeni dekio linafuliwaje. Maikrofaiba ikitiwa kilainisha nguo, zile kingo zinafunikwa na mafuta na haishiki tena. Ikitiwa jiki, poliamidi inaliwa. Ikifuliwa pamoja na dekio la pamba, inanasa manyoya ya pamba na kujaa. Sabuni kidogo ya unga, maji yasiyozidi nyuzi joto 60, suuza mpaka povu liishe, anika kivulini penye upepo. Na kabla ya kulowesha, kung'uta nje kwanza. Mchanga ukilowa ndani ya nyuzi hautoki, unarudi sakafuni kesho yake, na hapo mtasema kiungo kiko juu.

#18 Mama Usafi
Hapo binti umenena. Nami naongeza la mlangoni. Mchanga usioingia hausukumwi. Weka mkeka wa makumbi nje na zulia refu ndani, mtu apige hatua nne au tano juu yake kabla hajafika kwenye kigae. Kimkeka cha hatua moja hakisafishi kiatu. Na zulia likung'utwe kila siku, likijaa linageuka kuwa ghala la mchanga.

#19 Mpini Mrefu
Wakuu asanteni. Tuna sababu tano mezani na kila moja ina mtetezi: kiungo, mgeuko, chumvi, mfuko uliosinyaa, ufuaji. Napendekeza tuzitenganishe kwa majaribio ambayo yeyote anaweza kufanya.

La kwanza, kioo. Weka dekio juu ya meza ya kioo, mmoja asukume taratibu, mwingine aangalie kwa chini. Ukingo wa nyuma ukielea utauona.

La pili, chaki. Saga chaki ya rangi, tandaza unga wake kwenye kigae cheusi, sukuma mita 1 bila kugeuka. Paliporuka rangi ndipo pasipo na mgandamizo. Halafu vua mfuko, vaa mwingine usiobana, rudia.

La tatu, mchanga. Chekecha kwa chekecheo la unga, ukaushe juani, pima kijiko 1 cha chakula, nyunyiza kwenye njia ya mita 4 yenye upana wa dekio. Pita mara moja na kugeuka mara moja. Kilichobaki kizoe kwa karatasi yenye gundi. Pima kwenye mizani ya sonara, maana ya jikoni haisomi kiasi hicho. Fanya saa kumi na mbili asubuhi na saa nane mchana, siku hiyo hiyo, dekio hilo hilo.

#20 Gerezani Chuma
La kioo tumeshalifanya hapa kwenye karakana, viungo viwili, kimoja sm 4.5 kingine sm 2.5, mfuko ule ule. Cha juu kinanyanyua nyuma waziwazi mara tu ukianza kusukuma. Cha chini kimelala. Kwangu kesi ya kiungo imekwisha.

#21 Mchanga Mweupe
Imekwisha kwenye kioo. Kioo hakina ufa. Kwenye marumaru za sm 30 unavuka ufa kila sm 30, na mchanga unaokaa ndani ya ufa wa mm 4 hakuna ukingo unaoufikia, uelee au usielee. Unatoka baadaye watu wakipita. Pengine nusu ya huo mstari wenu ni ufa.

Na kioo hakikugeuza kona.

#22 Cherehani ya Kongo
La chaki nimelifanya kwa mfuko uliosinyaa na mfuko mpya. Uliosinyaa ulichora kama nilivyosema, ncha zote mbili ziliacha unga. Mpya uliacha unga pia, kidogo, upande mmoja tu. Upande huo sijui nilaumu nini. Fremu niliipima kwa rula, imenyooka.

#23 Mama Usafi
Upande wa kulia au wa kushoto?

#24 Cherehani ya Kongo
Kushoto.

#25 Mama Usafi
Aliyesukuma anatumia mkono wa kulia, mkono wa chini uko kulia, uzito unaegemea huko. Mwambie abadilishe mikono, rudieni.

#26 Gerezani Chuma
Au kiungo hakikukaa katikati. Pima kutoka ncha hadi bolti pande zote mbili. Milimita 5 zinatosha kuegemeza.

#27 Mpini Mrefu
Cherehani, fanya yote mawili lakini usiyafanye kwa pamoja: kwanza badilisha mikono bila kugusa fremu, andika, ndipo upime bolti. Gerezani Chuma, nitengenezee fremu mbili zaidi zenye kiungo cha sm 2.5, moja yenye kizuio na nyingine bila. Fundi Terazo, jaribio la alfajiri lifanyike upande wako wa Upanga na jingine Kimara mbali na bahari, siku ile ile, saa ile ile. Kama chumvi ndiyo sababu, Kimara iwe afadhali.

#28 Fundi Terazo
Sawa, ila mchanga utoke gunia moja. Ukichota wa Upanga na wa Kimara kila mtu wa kwake, hatutajua tumepima hewa au tumepima mchanga.